Mke wa Mpiga Enanga

Nilipohamia Kagondo, nilimfahamu jirani yangu kwa sauti kabla ya kumfahamu kwa sura. Ilikuwa asubuhi, nimesimama juu ya kiti naning'iniza mapazia, nikasikia mama akimwambia mumewe kwamba nyumba yao ndiyo nyumba pekee Bukoba nzima ambako mvua hunyesha ndani kwanza, halafu ndiyo nje. Alisema hayo kwa Kihaya, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani, na kila alipomaliza sentensi alinyamaza kidogo ili impate vizuri mhusika. Mhusika hakujibu kitu. Mimi nilicheka nikakaribia kuanguka na pazia langu.

Jioni yake mzee alitoa kiti barazani, akapakata enanga na kuanza kupiga. Enanga ni ala yetu ya nyuzi, ubao mrefu uliochimbwa kama hori dogo, nyuzi zikapitishwa juu yake toka mwanzo hadi mwisho. Haina kelele. Ukitaka kuisikia lazima usogee, na mimi nilisogea mpaka kwenye ua uliotutenganisha. Aliimba habari za mtu aliyejenga karibu na ziwa. Ziwa likampenda sana, likawa linamtembelea hadi chumbani, na yeye kwa kuwa ni mtu wa adabu hakujua namna ya kulifukuza.

Haikunichukua muda kuelewa mambo yanavyokwenda katika nyumba ile. Asubuhi mama husema, jioni mzee huimba. Mbuzi alipotafuna kofia ya mzee, mama alisema mbuzi yule ana akili, maana kofia ile ilistahili kuliwa tangu zamani. Jioni tukapata wimbo wa mbuzi aliyekwenda kutawazwa na kofia kichwani. Mzee alipochelewa kupalilia kibanja, yaani shamba la nyumbani, mama alisema migomba imeanza kumwamkia jirani kwa sababu mwenyewe haimjui. Jioni migomba ikaimbiwa. Mzee alialikwa kwenye sherehe toka mjini hadi Muleba, na watu walipenda mno mzaha wake. Walimuuliza anautoa wapi. Alikuwa akijibu, "Kwa Mungu." Mama, kama yupo karibu, alikuwa akikohoa.

Mimi ni mchoraji. Naishi kwa brashi na rangi, na sijawahi kuishi kwa kitu kingine. Nachora mabango ya saluni, kuta za shule za chekechea, na wakati huo nilikuwa na mteja mmoja mkubwa, mwenye nyumba ya wageni kule ufukweni, aliyetaka picha za kutundika vyumbani. Alitaka misonge, zile nyumba za nyasi za mababu. Msonge asubuhi, msonge wakati wa mvua, msonge na ng'ombe pembeni. Sijawahi kulala ndani ya msonge. Nimezaliwa chini ya bati kama watu wengi wa rika langu. Lakini wageni waliipenda, basi nikaichora mpaka mkono ukaweza kuichora huku naongea na simu.

Siku moja mama jirani alikuja kuniletea ndizi, akazikuta picha zimeegemezwa ukutani zinakauka. Aliziangalia moja baada ya nyingine, mikono nyuma.

"Hiki ni kijiji gani?"

"Si kijiji fulani, Mae," nikamwambia. Mae ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu. "Ni cha zamani tu."

"Ndiyo maana hakina mtu," akasema. Akaweka ndizi mezani, akanishauri niache kula chapati za dukani kama mtu asiye na kwao, akaenda zake.

Kisha binti yao aliyeolewa Kimwani akajifungua mapacha. Mama alifunga mizigo yake siku hiyohiyo. Alimpa mzee maagizo yaliyoanzia kwenye kuku yakaishia kwenye soksi, akapanda gari la Muleba akiwa bado anaagiza kupitia dirishani.

Mwanzoni mzee alinawiri. Alivaa lile shati la kijani alilokatazwa. Alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mchana kweupe, kikombe mkononi, amekaa mahali ambapo kila apitaye njiani angemwona. "Mwana wange," aliniambia juu ya ua, maana yeye huniita hivyo, mwanangu, "leo ndiyo nimestaafu." Nikampongeza.

Lakini baadaye niligundua kwamba jioni zetu zimekuwa na nyimbo za zamani tu. Alikuwa akianza wa mbuzi, akiufikisha katikati, anaacha. Siku nyingine alikuwa anakaza nyuzi, anazilegeza, anazikaza tena, halafu anairudisha enanga ndani bila kuimba. Nilidhani ni uzee.

Kumbe alikuwa na deni la ahadi. Rafiki yake wa toka shule ya msingi, mtu wa Kamachumu, alikuwa anamuaga binti yake wa mwisho anayekwenda kuolewa. Dada zake wote huyo binti waliagwa na mzee, kila mmoja kwa wimbo wake mpya, usioimbwa kwa mwingine. Sasa zamu ya kitinda mimba imefika na mzee hana hata mstari.

Alijaribu. Alikwenda kukaa ufukweni kutwa nzima akitazama maji, akarudi na mafua. Alikwenda sokoni kusikiliza watu wanavyogombana, lakini akasema siku hizi watu wa sokoni wanagombana kwa simu, unasikia upande mmoja tu. Mwishowe akaja kwangu, akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa, akaniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi.

"Mwana wange, wewe unafanyaje? Ukikaa mbele ya kitambaa kitupu, cha kuchora kinatoka wapi?"

Nilitamani kumpa jibu zuri. Nimewahi kusikia wachoraji wenzangu wakihojiwa redioni, wanasema mambo makubwa kuhusu asili na roho. Nikamtazama mzee na mafua yake nikaona haya.

"Mimi nachora ninachoambiwa, Tata," nikasema, yaani baba.

"Hata mimi," akasema. "Ila aliyekuwa ananiambia yuko Kimwani."

Halafu akapata wazo ambalo hadi leo sijui nilikubalije. Aliniomba nimfokee.

"Nimfokee nani?"

"Mimi. Jaribu tu. Umemsikia mwenzangu miaka yote hii, unajua anavyofanya."

Nikasimama, nikashika kiuno. Nikamwambia, "Tata, mbona hamjafagia uwanja? Si vizuri. Naomba mfagie, tafadhali."

Mzee alinisubiri niendelee. Alipoona nimeishia hapo, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Unafokea kama karani wa benki," akasema. "Mtu hawezi kuimba hilo."

Jumapili baada ya ibada mama akapiga simu. Mzee aliniita nisikilize, akaweka sauti ya nje, akaishika simu mbali kidogo na uso kama mtu aliyeshika chungu kinachochemka. Tukasubiri.

"Umekula, mume wangu?" sauti ikasema, laini kama siagi.

"Nimekula."

"Mungu akubariki. Watoto wanakusalimu. Pumzika vizuri."

Basi, simu ikakatika. Mzee alinigeukia uso umemshuka. "Umesikia? Mume wangu. Pumzika vizuri." Akasimama, akakaa tena. "Huyu mwanamke anaumwa. Wananificha."

Ndiyo tukaamua kwenda Kimwani.

Nina pikipiki ninayobebea ngazi na makopo ya rangi. Mzee akakaa nyuma yangu amevaa koti la harusini na kofia ambayo mbuzi alibakiza, enanga imeviringishwa blanketi na kufungwa mgongoni kwake. Hakutaka kuiacha. Alisema akiiacha itajua amekata tamaa. Kila tulipopita kijiwe cha bodaboda vijana walipiga mbinja kuona mzee mzima amepakiwa na mwanamke.

"Mzee, umebebwa!"

"Nimebebwa na mwanangu," aliwajibu, akipunga mkono kama askofu. "Ninyi mmebebwa na nani?"

Kabla ya Muleba askari wa usalama barabarani alitusimamisha. Alikuwa kijana, mgeni wa mkoa kwa lafudhi yake, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mzigo wa mgongoni.

"Mzee, hicho ni nini?"

"Enanga."

"Mimi nilidhani mzinga wa nyuki."

"Ulikuwa mzinga," mzee akasema. "Nyuki wamehamia Kimwani."

Yule askari alinitazama mimi nimfafanulie. Nikamwambia tunakwenda kuona mapacha. Hilo alilielewa, akatabasamu, akaturuhusu.

Baada ya Muleba mjini vilima vinaanza kukuacha. Migomba inapungua, kahawa inapungua, joto linapanda, na kufika Kimwani uko kwenye mashamba mapana ya mahindi na mpunga, upepo unapita juu yake bila kizuizi. Mzee hakupenda. Alisema mahali penye nafasi hivi mtu hana pa kujificha.

Tulipokelewa kwa heshima zote. Binti yao anaishi boma moja na mama mkwe wake, mjane mchangamfu mwenye mwili mkubwa, na yeye ndiye aliyetutandikia mkeka na kutuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Hapo akatoka mama yetu. Alikuwa amevaa gomesi safi, lile gauni refu la mkanda kiunoni, na mtoto mmoja mkononi. Nilimwona yuko mzima kabisa, hata amenenepa. Akaja mpaka mbele ya mumewe, akapiga goti, akamwamkia kwa sauti ya chini.

Mzee alisahau kuitikia. Akaninong'oneza, "Hajanipigia goti tangu siku ya harusi. Na siku ile alikuwa anaokota kiatu."

Tulikula. Chakula kilikuwa kingi na kizuri, wali wa shambani kwao na samaki, na mama yetu alimtengea mumewe bila neno lolote kuhusu kasi yake ya kula. Mama mkwe alitupongeza. "Mkwe wetu huyu ni mpole kuliko watu wote niliowahi kukaa nao. Tangu aje hatujasikia sauti yake." Wali ulinipalia. Binti akainama kumfunika mtoto ambaye tayari alikuwa amefunikwa. Mzee akamrudisha samaki kwenye sahani, akanawa mikono.

Kwa kuwa hakujua la kufanya, akafungua blanketi akaweka enanga mapajani. Alisema anawapigia wajukuu. Akapiga ule wimbo wa ziwa linalomtembelea mtu chumbani. Nyumba nzima ikajaa mlangoni, majirani wakaja, na ilipofika mahali ambapo mke katika wimbo analiambia ziwa livue viatu kabla ya kuingia, walicheka hadi mapacha wakaamka.

"Baba, huyo mama wa kwenye wimbo ni nani?" mama mkwe akauliza, anafuta machozi.

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akatazama mkeka.

"Ni jirani yetu mmoja," mama akasema.

Watu wote wakanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanyaje?

Baada ya hapo mama alisimama, akamfunga mtoto mmoja mgongoni, akasema kwa ule upole wake kwamba angependa kututembeza tuone mashamba. Mama mkwe akataka kutusindikiza. Mama akamwomba sana apumzike. Tukaondoka watatu, mama mbele, mzee nyuma yake, mimi mwisho, tukapita zizi, tukapita nyumba za mwisho, tukashika njia nyembamba katikati ya mpunga. Alitembea haraka kuliko mtu anayetembeza wageni. Tulipofika mahali ambapo nyumba zinaonekana ndogo na hakuna mtu karibu isipokuwa ndege, akasimama, akamfungua mtoto, akanikabidhi.

Akageuka.

Sitaweza kuyaandika yote. Alianzia kwenye kofia. Aliuliza ni mtu gani anayevaa mabaki ya mbuzi kwenda ukweni. Akaingia kwenye mgongo wa mzee, ambao haupaswi kupanda hata baiskeli, sembuse pikipiki ya kubebea ngazi. Akauliza kuku wako na nani. Akauliza shati la kijani liko wapi, na kabla hajajibiwa akasema anajua, kwa sababu shingoni kuna alama yake. Akasema mtu aliyemwambia kwenye simu kwamba amekula ni mwongo, mkanda wake umesogea tundu na yeye macho anayo. Alinigusa hata mimi kidogo, habari ya mwendo kasi. Sauti yake ilikuwa ileile ya asubuhi za Kagondo ila bila breki, na kila alipovuta pumzi nilidhani amemaliza, kumbe alikuwa anageuza ukurasa.

Mzee alivua kofia. Akafumba macho. Nimewaona watu wakipokea baraka kwa uso kama ule.

Kisha sauti ya mama ikabadilika.

"Unafikiri nimefurahi hapa?" akasema. "Naamka nasalimiwa, nalala nasalimiwa. Chai naletewa na kisahani chake. Chumvi ikizidi nasema ni tamu. Mtoto akivalishwa vibaya nasema amependeza. Kwa mkwe utasema nini? Wananipenda, Mungu anawaona, lakini hakuna anayenijua. Mimi nimechoka. Nimechoka kuheshimiwa."

Akaanza kulia, kwa hasira, akijifuta kwa kiganja kama anayefukuza nzi.

Katika muda wote niliokaa Kagondo sikuwahi kumsikia mzee akimjibu mkewe anapofoka. Siku ile alimjibu. Alisogea, kofia mkononi, akasema, "Na kule nyumba imekuwa kimya hadi naisikia meza."

"Meza inasema nini?"

"Inauliza umekwenda wapi."

Mama akamtazama muda mrefu. "Umezeeka vibaya," akasema, na papo hapo akacheka, na alipocheka mzee naye akacheka, wakasimama pale wameshikana viwiko katikati ya mpunga wa watu.

Mimi nilikuwa na mtoto mikononi, kwa hiyo sikuwa na penseli wala pa kuishika. Kilichobaki ni kutazama, nikatazama. Mkono mmoja wa mama ulikuwa bado kiunoni, hakuwa ameushusha hata katika kicheko. Kilemba kimelala upande. Mishipa ya shingo. Jua lilimpiga ubavuni, na gomesi yake, ambayo barazani niliona ni ya zambarau, huku nje ilikuwa na wekundu ndani yake. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu hutazamwa namna hiyo. Mtoto alikojoa juu yangu na sikusogea.

Tuliporudi bomani mama aliinamisha macho tena na sauti ikarudi kuwa siagi. Hakukubali kurudi nasi Bukoba, maana binti bado hajapata nguvu. Alisema tutaonana Kamachumu kwenye sherehe. Mzee hakubisha. Alipanda pikipiki akiwa tayari yuko mbali kimawazo, na hatujafika Muleba nilimsikia nyuma yangu anaimba chini kwa chini, halafu vidole vyake vikaanza kupiga mdundo juu ya helmeti yangu. Nilimwacha. Ilikuwa vigumu kuendesha, lakini ningemkatizaje?

Sherehe ya Kamachumu ilikuwa kubwa. Turubai jeupe lilitandazwa kati ya migomba, kulikuwa na mshereheshaji mwenye suti inayong'aa, na spika ndefu kuliko wageni. Muziki ulivuma hadi vikombe vikatembea mezani. Nilimwona mzee amekaa pembeni na enanga yake, mdogo, na nikaogopa kwa niaba yake. Mama alikuwa amefika kwa gari la abiria, amekaa na wanawake upande wa pili, ametulia.

Mshereheshaji alipomwita mzee alimwekea kipaza sauti mbele ya nyuzi, kikapiga mluzi wa kuumiza masikio. Akakisogeza, kikapiga tena. Watu wakaanza kuongea mambo yao. Na hapo, katikati ya mluzi wa tatu, umeme ukakatika.

Kila kitu kikanyamaza kwa pamoja. Ilikuwa bado alasiri, mwanga ulikuwepo wa kutosha, ila hakukuwa na sauti isipokuwa majani ya migomba. Mshereheshaji alikimbilia kutafuta fundi. Mzee hakusubiri. Alianza kupiga, na kwa kuwa enanga haina kelele, watu wakaanza kusogea. Wa nyuma wakabeba viti. Wapishi wakaja na miiko yao. Bibi harusi mwenyewe akatoka kwenye kiti chake cha maua, akaja kukaa mkekani karibu na miguu ya mzee.

Wimbo ulimhusu mwanamke aliyekwenda nchi ambako kila mtu alimheshimu. Alipewa kiti kirefu, akapewa kisahani, akaitikiwa ndiyo kwa kila neno, mpaka akakonda kwa heshima. Akatuma salamu kwa mumewe kwamba aje haraka amletee makosa. Mume akafunga makosa yake yote kwenye blanketi, akayabeba mgongoni, akampelekea. Alipoyaona mwanamke akapona. Na mwisho mzee alimgeukia bibi harusi akamwimbia kwamba wengine watamwombea watoto na mali, yeye anamwombea nyumba ambamo atajulikana hadi kwenye soksi, na mtu ambaye hatachoka kumgombeza.

Mzee mmoja wa kanisa, mbele kabisa, alikunja uso. Nadhani hakuona vyema ugomvi uombewe katika sherehe ya Kikristo. Akamgeukia mkewe ili wakunje uso pamoja, akamkuta amejifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Mke akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Basi vigelegele vikalipuka turubai zima. Bibi harusi alikuwa anacheka na kulia, wanja unamchuruzika, akaomba wimbo urudiwe, ukarudiwa, na mara ya pili mama yetu akasimama kutoka upande wa wanawake, akacheza kwa madaha yetu ya kizamani, mabega tu na mikono, mpaka mbele ya mumewe. Akainama sikioni kwake. Watu walidhani anamsifu.

Nilimuuliza mzee baadaye mkewe alimwambia nini.

"Kasema ubeti wa pili nimesema uongo. Kwamba hakukonda, alinenepa." Alikuwa anafuta nyuzi kwa kitambaa, ameridhika kabisa. "Atakuwa sahihi. Nitarekebisha."

Mimi nami nilirudi Kagondo nikachora. Nilichora nilichokiona kwenye mpunga, kwa kumbukumbu, mwanamke na mkono wake kiunoni anafoka na kucheka kwa wakati mmoja. Nilifuta, nikachora, nikafuta. Mkono uliokuwa unajiendea wenyewe kwenye misonge ulikuwa haujui lolote hapa, ikabidi niufundishe upya. Nilipomaliza niliipeleka kwa mwenye nyumba ya wageni pamoja na mzigo wake wa kawaida. Aliiangalia, akarudi nyuma hatua, akaiangalia tena.

"Imechorwa vizuri," akasema. "Lakini huyu mama anaonekana anataka kuniuliza kitu. Wageni wangu wanakuja kupumzika."

Nikaibeba kurudi nayo. Sikuumia kama nilivyotegemea. Njiani nilisimama sokoni, muuza samaki mmoja akaiona imefungwa nyuma ya pikipiki, akaita wenzake, wakaizunguka wakibishana ni mama wa nani, kila mmoja akidai ni wa kwao. Mmoja alisema anamjua hadi anachokisema. Nikauliza ni nini. Akakiigiza, mkono kiunoni, na hakuwa mbali sana na ukweli. Wiki iliyofuata nilirudi kumchora yeye.

Mama alirejea Kagondo mapacha walipoanza kuota meno. Nilimsikia asubuhi kabla sijamwona. Alikuwa anaongea na kuku, kisha na sufuria, kisha na mzee, kwa mpangilio huo. Mchana akaja kwangu kuona picha, maana mzee alishamwambia. Alisimama mbele yake, mikono nyuma, kwa muda uliotosha mimi kujuta.

"Pua si yangu," akasema. "Hiyo ni pua ya shangazi zake mume wangu."

"Nitairekebisha, Mae."

"Utairekebishaje na hunitazami? Unakumbuka kwa kichwa. Kichwa kinachanganya pua za watu." Akavuta kiti karibu na dirisha, akakitazama kama kina vumbi, akakifuta kwa upindo wa kitenge, akakaa. Akaweka kilemba sawa. "Haya. Nichore sasa, na mimi nakaa kimya."

Nilichukua kitambaa kipya. Pua ilitoka mapema, na macho, na ule upande wa kilemba. Mdomo nikauacha wa mwisho, kwa sababu alikuwa ameshaanza kunieleza namna ninavyoshika brashi vibaya, na mdomo haukutulia mahali pamoja hata mara moja.